Mama anayetibiwa saratani na watoto ambao hawajaambiwa

SWALI: Mimi ni muuguzi kutoka Kisumu, nafanya kazi kwenye kliniki ya saratani hapa Los Angeles. Wagonjwa wetu wengi ni akina mama Walatino kutoka Mexico na Guatemala. Mmoja ana saratani ya titi, wiki hii ameanza dawa ya saratani iitwayo doksorubisini, na hajawaambia wanawe wa miaka 6 na 11. Anasema mama mwema hawatwishi watoto mzigo. Lakini huyo mkubwa ndiye anayemsomea barua zetu na kupokea simu zetu! Nimsaidieje bila kumvunjia heshima?

JIBU: Dada, anza na huyo wa miaka 11. Yeye tayari anajua, na hana wa kumwuliza. Kanuni za kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 zinakataza kliniki inayopokea fedha za serikali kuu kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika dharura ambapo usalama wa mtu uko hatarini na mkalimani hapatikani papo hapo. Weka kwenye faili la mama kwamba simu zote zipitie kwa mkalimani, na mama halipii chochote. Akiwa ametoka Guatemala, muulize kwanza lugha ya nyumbani kwao. Wamaya wengi, wenyeji wa asili wa huko, wamekulia kwenye Kimam au Kikiche, na Kihispania chao ni cha sokoni tu.

Kuhusu kuficha, usibishane naye. Anaficha kwa sababu anawapenda, na ukimwambia anakosea atanyamaza hata kwako. Muulize: “Unadhani watoto wameona nini mpaka sasa?” Hapo ndipo wengi hushtuka. Doksorubisini hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Mtoto wa miaka 6 akiingia chooni kabla maji hayajavutwa, atadhani ni damu, na atamaliza mwenyewe hadithi iliyobaki. Nywele nazo huanza kudondoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza, kwa hiyo muda alio nao wa kuwaambia ni huo.

Kinachomkwamisha kwa kawaida ni maneno yenyewe. Kwa mdogo yanatosha machache: ugonjwa unaitwa saratani, hukuusababisha kwa utundu wako, hauambukizi, bado tutakumbatiana, shangazi atakupeleka shule siku nikichoka. Asiahidi kwamba hatakufa. Aseme anapewa dawa kali, na kila jambo jipya watalisikia kutoka kwake mwenyewe. Mkubwa aruhusiwe kuuliza, hata swali la kifo, na aambiwe waziwazi kwamba kazi ya ukalimani imekwisha.

Usimpe karatasi ukaondoka. Kaa naye ayatamke hayo mbele yako, kwa lugha yake. Frances Marcus Lewis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza programu ya vikao vitano kwa akina mama wa namna hii, na kikao cha kwanza kinahusu kutuliza hofu ya mama mwenyewe, kabla ya mtoto kuguswa. Mimi nakubaliana kabisa na mpangilio huo. Mama anayetetemeka hawezi kumsikiliza mtoto.

Kisha muombe ruhusa umwite bibi wa watoto, au yeyote anayewalea anapokuwa kitandani. Katika familia hizi malezi hayako kwa mtu mmoja, na hiyo ni nguvu kubwa mno kuipuuza. Bibi asipojua kilichosemwa, jioni ileile atawaambia watoto kwamba mama ana mafua.

Jambo la mwisho ni la karatasi. California ina hati ya kiapo ya mlezi, inayomwezesha ndugu mtu mzima anayeishi na mtoto kumwandikisha shule na kuidhinisha matibabu yake bila kwenda mahakamani. Haimnyang'anyi mama haki zake. Usiifungue kwa habari ya kifo, muulize tu, “Ukilazwa wiki nzima, nani atatia sahihi shuleni?” Afisa ustawi wa jamii wa kliniki yenu anaweza kuwapa fomu hiyo.