Samaki wa Fukushima: Nimwamini Anayeuza au Anayezuia?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwaka 2019 Korea Kusini iliishinda Japani kwenye Shirika la Biashara Duniani kuhusu samaki wa upande wa Fukushima. Mume wangu anasema huo ndio ushahidi kwamba samaki wale wana sumu. Mimi nasoma kila mahali kwamba wanapimwa na ni salama. Nani mkweli kati yetu? – Mama Watatu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mumeo ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila hukumu ile haimsaidii.

Korea ilizuia samaki wa mikoa minane ya Japani mwaka 2013, baada ya ajali ya Machi 2011 kwenye kinu cha umeme wa nyuklia cha Fukushima. Japani ikashtaki, na jopo la kwanza likaipa ushindi mwaka 2018. Aprili 2019 waamuzi wa rufaa wakaitengua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Walisema jopo liliegemea mno vipimo vya sesiamu (uchafu wa mionzi) ndani ya samaki, likaacha kupima sawasawa hali ya mazingira wanakotoka na kiwango cha kinga ambacho Korea ilijichagulia. Kama samaki wana sumu au hawana, rufaa haikuamua.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapo ndipo watu wanapotishana. Tangu Aprili 2012 Japani hairuhusu chakula cha kawaida kizidi bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha nguvu ya mionzi) za sesiamu kwa kilo. Mwongozo wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, unasema 1,000. Ukiziona hizo utadhani mmoja wao anacheza na maisha ya watu. Hapana. Wote wawili wanalenga mlaji asipate zaidi ya milisiveti 1 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka. Codex inakadiria kwamba sehemu moja tu ya kumi ya chakula chako imechafuka. Japani ilikadiria nusu, kwa kuwa mavuno ya kwao ndiyo yanayojaa mezani kwao. Nilipokuwa mkaguzi wa vyakula, swali langu la kwanza kwa mwenye shehena lilikuwa: huyu samaki anakwenda kuliwa na nani, na mara ngapi?

Halafu kuna siasa. Agosti 2023 Umoja wa Ulaya uliondoa masharti yake ya mwisho kwa vyakula vya Japani. Mwezi uleule China ikazuia mazao yote ya bahari ya Japani, maji yaliyosafishwa ya kinu yalipoanza kumwagwa baharini. Bahari ileile, maamuzi mawili!

Lakini usiridhike na wastani. Mei 2023 samaki mmoja wa miambani alinaswa ndani ya bandari ya kinu chenyewe akiwa na bekereli 18,000 kwa kilo. Hakuwa wa kuuzwa. Ila anaonyesha kwamba samaki anayekaa chini, asiyehama, hubeba uchafu wa mahali pake.

Kwa hiyo muulize muuzaji amevuliwa bahari gani. Jina la nchi pekee halitoshi, kwani mara nyingi linafuata bendera ya meli iliyovua. Muuzaji asiyejua, mwachie samaki wake.

Na kwa kuwa una watoto: mimi papa na nduaro wananitia hofu kuliko hao wa Fukushima, kwa sababu ya zebaki, metali yenye sumu. Papa na nduaro wapunguzie watoto kabisa, watoke bahari yoyote.