Mfereji wa mwezi wa sita ni muongo

Mkuu, ishia hapo hapo. Usimwage mbegu kitaluni. Umeuliza kuhusu kulima nyanya kwenye shamba la mkwe wako huko Maji ya Chai, Meru, Arusha, na umeandika "maji si tatizo, mfereji unapita kando ya shamba la mkwe, wiki iliyopita ulikuwa umejaa," nikasikia tumbo linakata. Maneno hayo hayo niliyasema mimi kwenye kikao cha ukoo, mbele ya mke, mama na wadogo zangu wawili ambao mpaka leo wananidai.

Wiki iliyopita ni mwezi wa sita! Masika ndiyo imetoka, Meru nzima inavuja, hata mtaro wa barabarani umejaa. Na usijifariji eti shamba liko Maji ya Chai, jina la kijiji halimwagilii nyanya.

Mimi nililima nyanya Kikatiti, hukuhuku Meru, ekari moja na robo ya familia. Hesabu nilipiga kwenye simu, matenga 300 (kwenye simu sijawahi kupata hasara). Aliyeniingiza mkenge ni mtaalamu mmoja wa grupu la WhatsApp, tukamlipa laki na nusu aje kupima shamba. Alikuja na soksi nyeupe akaondoka nazo nyeupe. Akapiga picha na maji, akasema "hapa una mgodi." Hakuuliza shamba letu ni la ngapi kutoka kwenye banio, pale maji yanapochepushwa mtoni kuingia mfereji. Hakuuliza zamu zinaendaje. Mama alikuwa anapepeta maharage pale pale, akasema, "Mwanangu, huu mfereji una wenyewe." Nikaona ni mambo ya wazee.

Tulipandikiza mwanzoni mwa Agosti, zamu yetu kila siku ya nne, safi. Septemba ikawa ya saba. Oktoba, matunda ndiyo yanajaa, mgawa maji akafungua daftari: siku ya 11, saa saba usiku mpaka saa kumi. Tukakaa kwenye tuta na mdogo wangu. Saa saba kimya. Saa nane ukaja ulimi wa maji, mwembamba kama mkanda, umetanguliza povu na majani makavu. Ukafika mstari wa tatu, ukanywewa na ardhi, basi. Tukapanda na mfereji gizani karibu kilomita mbili, tukamkuta mzee amekalia kiroba cha mchanga alichozibia njia, maji yote yanaingia kwenye migomba yake. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, karibuni." Sasa hapo unaanzia wapi ugomvi?

Uchungu wenyewe ukaja baadaye. Nyanya zikaota doa jeusi kitakoni, bapa, limebonyea, kama zimekalishwa juu ya bati la moto. Nikachuma tatu nikazipeleka duka la pembejeo. Muuzaji hata hakuuliza habari za maji. "Ukungu huo." Akanipa dawa. Wiki ya pili akabadilisha. Wiki ya tatu akanichanganyia mbili kwa mpigo, na bado akanipa kofia ya bure. Laki nne na themanini, napuliza ukungu ambao haupo, kwenye jua la Oktoba! Kofia ninayo, ndiyo faida pekee ya msimu ule.

Bwana shamba wa kata ndiye aliyekuja akachomeka kidole kwenye udongo, akaniuliza, "Mara ya mwisho umemwagilia lini?" Lile ni tatizo la kuoza kitako, si ukungu. Maji yakija kwa kusuasua, kalisi (madini ya kalsiamu) haifiki kwenye tunda hata kama udongoni ipo tele, na dawa ya ukungu haigusi kitu hapo. Kisha zamu iliyofuata maji yakaja mengi kwa mara moja, zilizokuwa nzima zikapasuka. Matenga 300 ya kwenye simu yakawa 41, na 12 kati ya hayo dalali aliyatazama akacheka. Nguruwe wa jirani walinona mwaka ule.

Kwa hiyo usitie mche ardhini kabla hujakesha kwenye mfereji huo mwezi wa kumi. Kama kusubiri huwezi, mwaka huu lima robo ekari tu, na nenda kwanza kwa mgawa maji kesho. Usimuulize kama maji yapo, atakwambia yapo. Mwombe daftari la Oktoba iliyopita, tafuta jina la mkwe wako, hesabu masaa. Halafu ongea na jirani wa chini yenu, wa juu atakuambia kila kitu ni shwari, na kwake ni shwari kweli. Pampu ya kuvuta mtoni nayo niliwaza, nikaulizwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kiko wapi. Sikuwa nacho.

Watakuja hapa chini kwenye maoni kukutisha na kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya. Sawa, mdudu ni mbaya, hukuhuku Arumeru ndiko alikoripotiwa 2014, lakini yeye angalau anawekewa mitego.

Mbegu gani, waachie wengine wajibu. Soko, Tengeru siku kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Uliuliza na parachichi za kupanda mpakani mwa shamba, sijui, sijawahi kupanda. Siku ya kukesha vaa mabuti na ubebe tochi ya betri. Mimi nilitegemea ya simu, ikazima saa tisa, nikarudi nyumbani kwa kufuata mlio wa mbwa wa watu.