Barua Nzuri, Lakini Mwataka Nini?

Makatibu wapya wa vikundi vya wavuvi, vya akina mama na vya vijana hapa Lamu, nawaandikia kwa sababu uchaguzi wa vikundi umekwisha na rasimu zenu zimeanza kuletwa kwangu nizipitie kabla hazijavuka maji kwenda ofisi za kaunti Mokowe au kusafirishwa Nairobi. Nimezisoma zote. Bidii yenu inaonekana, na tahajia yenu ni bora kuliko ya waliowatangulia. Hata hivyo, makosa makubwa ni yale yale ya makatibu waliokuwako kabla yenu na ya waliokuwako kabla yao. Nawapenda, wanangu, na kwa sababu hiyo hiyo sina subira ya kuyaona yakirudiwa kwa muhula mwingine.

La kwanza ni ombi lenyewe. Andiko lolote la kikundi, liwe barua, andiko la mradi au ombi rasmi, huishia mezani kwa mtu mmoja mwenye mafaili mengi, ambaye kwa cheo chake anaweza kuwafanyia jambo moja au mawili tu. Kabla ya kushika kalamu, kamati nzima ikubaliane mtu huyo ni nani na akishasoma afanye nini. Jibu la maswali hayo ndilo sentensi ya kwanza ya barua, na salamu zitosheke na mstari mmoja.

Naujua uzito wa jambo hili kwa sababu kosa lake lilipita mkononi mwangu. Nilipokuwa katibu kijana, ngazi za gati la kijiji chetu zilivunjika upande wa chini, ule unaotumika maji yakipwa. Maji yakijaa hapakuwa na taabu, kwani mashua zilisogea hadi ngazi za juu. Lakini siku za bamvua, maji yalipokupwa sana, abiria walishukia kwenye mawe yaliyoota mwani na kupandishwa kwa kuvutwa mikono. Kamati ikaniagiza niandike, nami nikaandika kurasa sita. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu na dua, wa pili ulikuwa historia ya kijiji tangu zama za masultani wa Pate, na zilizofuata zilijaa shukrani kwa viongozi kwa vyeo vyao vyote na maelezo ya ugumu wa maisha ya mvuvi kwa jumla. Ngazi zilitajwa karibu na mwisho, ndani ya sentensi iliyoomba pia taa, choo cha abiria na boti ya kubebea wagonjwa. Hata hapo sikusema zimevunjika. Niliandika kwamba kuna haja ya kuangaliwa kwa suala zima la miundombinu ya gati. Barua iliposomwa mkutanoni wazee walinisifu, na mmoja wao alitokwa na machozi katika sehemu ya historia. Nikaamini kwamba barua iliyomliza mzee wetu ingemwinua ofisa kitini.

Jibu lilikuja baada ya miezi, nalo lilikuwa na aya mbili tu. Lilitushukuru kwa salamu, likaipongeza historia yetu na kutuarifu kwamba maoni yetu yamepokewa. Ngazi hazikutajwa kabisa. Nilikasirika, nikawaambia watu kwamba tumedharauliwa, na kijiji kizima kikaamini hivyo kwa kuwa katibu ndiye aliyesema. Kusi, ule upepo wa kusini, ikaingia. Mama mmoja mzee aliyekuwa akirudi kutoka hospitalini aliteleza kwenye yale mawe na kuvunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakutembea tena bila ya kushikwa. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza, bila ya lawama yoyote, kama ile barua yetu iliwahi kujibiwa. Nilimwambia imejibiwa, kisha nikashindwa kumweleza jibu lenyewe lilikuwa nini.

Nikachukua nakala yangu na kuvuka nayo hadi ofisi iliyotujibu. Karani wa pale, mtu mzima na mwenye adabu, aliisoma mbele yangu tangu mwanzo hadi mwisho, kidole chake kikifuata mistari, kisha akavua miwani na kuniuliza: “Mwanangu, barua nzuri, lakini mwataka nini?” Nikamjibu kwamba twataka ngazi za chini za gati zitengenezwe. Akauliza ni ngazi ngapi, zimevunjika tangu lini, zatumiwa na watu wangapi kwa siku, nani ameumia, na tumekwisha kumwandikia nani mwingine. Sikuwa na jibu hata moja lililoandikwa. Nilikuwa nikiyajua yote kwa macho kama kila mtu kijijini, na kwa kuwa kila mtu aliyajua, hakuna aliyeona haja ya kuyaandika. Kasoro hiyo ndiyo ninayoiona katika rasimu zenu nyingi: mnaloishi nalo kila siku ndilo mnaloliruka, na yale ambayo ofisa anaweza kuyasoma popote ndiyo mnayoyaeleza kwa kurasa.

Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ilianza hivi: “Tunaomba mhandisi wako aje kupima na kutengeneza ngazi tano za chini za gati letu, zilizovunjika tangu Januari mwaka jana, kabla ya kusi kuingia tena.” Chini yake tuliweka hesabu ya abiria wa wiki moja ya bamvua, iliyochukuliwa na vijana wawili waliokaa gatini na daftari, orodha ya walioumia pamoja na tarehe, na picha moja. Taa, choo na boti tuliviondoa, baada ya ugomvi mkubwa katika kamati, kwa sababu kila mjumbe aliona lake ndilo la kubaki. Jitayarisheni kwa ugomvi huo, kwani katibu asiyeweza kuwashawishi wajumbe wake kuondoa mambo matatu ili moja lipite bado hajaifanya kazi yake. Mhandisi alikuja na futi kamba yake, na ngazi zikatengenezwa, ingawa yule mama hazikumfaa tena.

Baadhi yenu mmeniambia kwamba kumwandikia mtu mmoja kwa jambo moja kunalifanya andiko kuwa dogo. Mwana Kupona binti Msham, ambaye kila mmoja wenu amefundishwa habari zake, alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, akiwa mgonjwa, akijua hasa anayemwambia na anachotaka akifanye. Kama angeketi kuwaandikia wanawake wote wa pwani juu ya ndoa kwa jumla, sidhani kama tungekuwa tukiusoma leo.

La pili ni maombi rasmi. Kifungu cha 119 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa haki kama hiyo mbele ya bunge la kaunti. Nasikia mkilalamika kwamba taratibu zake zimewekwa ili kuwachosha wanyonge. Mimi naziona kuwa somo zuri la uandishi. Ombi la kwenda Bungeni hutakiwa liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na lisiwe na maneno yaliyofutwafutwa wala yaliyochomekwa kati ya mistari. Lionyeshe kama mlikwisha kuliendea shirika linalohusika na msiridhike na jibu, na liseme kama jambo lenyewe liko mahakamani. Limalizike kwa ombi lililo wazi na la heshima, linalotaja hasa kinachotakiwa, na kila mwenye kutia sahihi aandike jina, anwani na namba ya kitambulisho, au aweke alama ya dole gumba kama hajui kuandika. Kwa kuwa hapa ombi huja mwishoni, kichwa cha andiko ndicho kilibebe mwanzoni. Rasimu moja niliyoletewa ina kichwa kisemacho “Malalamiko ya Wananchi”, na karani atakayeipokea hatajua aipeleke kwa kamati ya uvuvi au ya ardhi.

La tatu ni mtendaji. Kumbukumbu zenu zimejaa vitenzi visivyo na mwenyewe: ilielezwa, ilipendekezwa, itafuatiliwa. Nichukue mfano mmoja bila ya kumtaja mwandishi wake, ambaye ni kijana hodari na najua hatachukia. Aliandika: “Ilielezwa kuwa zana zisizofaa zimeendelea kutumika na ikaafikiwa kwamba hatua mwafaka zichukuliwe.” Nilimwita nikamwomba anisimulie tu yaliyosemwa, naye akanisimulia vizuri kabisa: mjumbe mmoja aliliona juya, ule wavu wa kukokota, likivutwa alfajiri ya Jumatatu kwenye mkondo, mwenyekiti akaahidi kwenda kwa ofisa wa uvuvi kabla ya Ijumaa, mweka hazina akatoa nauli ya boti. Nikamwambia ayaandike hayo hayo. Akaniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama hayataonekana kuwa maneno ya kawaida mno kwa kumbukumbu. Wasiwasi huo mmeupata shuleni, ambako mlipewa alama kwa maneno mazito, na itawachukua muda kuuacha. Mkutano utakaofuata ukifika kwenye Yatokanayo, “hatua mwafaka” hazitamuuliza mtu yeyote kitu. Mwenyekiti aliyeandikwa kwamba atakwenda kabla ya Ijumaa, yeye ataulizwa.

Najua pia kwamba si shule peke yake inayowafanya mmfiche mtendaji. Mji wetu ni mdogo, na anayevuta juya ni mjomba wa mtu, tena huenda ni mjomba wa katibu mwenyewe. Hapa lazima mtofautishe mambo mawili. Aliyeahidi kufanya kazi ya kikundi aandikwe kwa jina na kwa siku, hata kama ni baba yako. Anayetuhumiwa si lazima atajwe katika barua ya kikundi. Andikeni kilichoonekana, mahali, saa na aina ya wavu, na kazi ya kumtafuta mwenye wavu muiache kwa wenye mamlaka ya kuchunguza. Juya limepigwa marufuku, kwa hiyo kulitaja kwa jina lake kunampa ofisa jambo la kushika, ilhali “zana zisizofaa” humwachia nafasi ya kukujibuni kwamba zana zipi hazifai ni suala linalojadiliwa.

Andikeni kwa Kiswahili sanifu, lakini majina ya mahali, mikondo, nyavu na samaki yabaki kama wavuvi wayaitavyo, na mtie maelezo mafupi pale ambapo msomaji wa Nairobi hatajua. Futeni “suala zima la”, “katika kuhakikisha kwamba” na “kwa namna moja au nyingine” popote mtakapoyakuta. Kila rasimu isomeni kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakuhudhuria mkutano, na pale atakapouliza swali, hapo pana kasoro.

La nne, acheni kunakili barua ya mwaka uliopita na kubadilisha tarehe. Kikundi kimoja cha akina mama wasuka mikeka kilipeleka kwa wafadhili andiko la mradi lenye aya nzima juu ya injini za boti na mafuta yake, kwa sababu katibu wao alikuwa ameazima andiko la shemeji yake, ambaye ni katibu wa mabaharia. Akina mama wale walicheka sana waliposomewa, na ni vizuri kwamba walicheka; lakini fedha za ukili na rangi hawakuzipata, na katibu yule alikuwa na kila alichohitaji ili aandike vyema. Alijua mkeka mmoja unachukua siku ngapi kusukwa, rangi inanunuliwa wapi na mteja analipa kiasi gani. Hakuandika hata kimoja kati ya hivyo, kwa kuwa havikuwamo katika barua ya shemeji.

La mwisho ni lile ambalo makatibu wote hulisahau, nami nalihesabu kuwa sehemu ya uandishi. Pelekeni nakala mbili, moja ibaki ofisini na moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi nanyi, kisha andikeni katika daftari la kikundi siku mtakayokwenda kuulizia. Ikiwa mnachotaka ni taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, kama vile mkataba wa ujenzi au bajeti ya gati, msiandike barua ya malalamiko. Andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016, kwa Kiswahili au Kiingereza, mkieleza taarifa mnayoitaka kwa kiasi cha kumwezesha ofisa kuitafuta. Ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi, na saa 48 ikiwa taarifa inagusa uhai au uhuru wa mtu, kwa hiyo ule muhuri wenye tarehe ndio utakaowaonyesha siku zimeanza kuhesabiwa lini. Sheria hiyo hiyo inamtaka ofisa aliandike ombi la mtu asiyeweza kuandika na kumpa nakala yake. Mzee wa namna hiyo akiwajia, mfuatane naye hadi ofisini, na kabla hamjaondoka hakikisheni kwamba nakala ameishika.