Faulo ya 15 Iliyoandikwa kwa 14

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwamuzi mchanga wa kikapu, huu ni msimu wangu wa kwanza tangu nimalize kozi. Jumamosi iliyopita niliita faulo, nikaenda mezani nikaonyesha namba 14, kumbe aliyegonga ni 15. Nilipogundua, mpira ulikuwa umeshaingizwa uwanjani na mchezo unaendelea. Nikanyamaza, kwa hofu kwamba nikirudi mezani wachezaji watanidharau. Je, sheria ingeniruhusu kurekebisha? Na ningefanyaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana kosa hilohilo, kwa namba hizohizo, nimelifanya mimi. Namba hizi mbili ni za hatari. Kwa ishara ya mikono, 14 ni ngumi mkono wa kulia na vidole vinne wa kushoto. 15 ni ngumi na vitano. Tofauti nzima iko kwenye dole gumba.

Enzi zetu jezi zilianzia 4 na kuishia 15. Ilikuwa fainali ya wasichana, robo ya nne, na mimi ndiye mwamuzi mkuu. Niliita faulo, nikakimbilia mezani huku bado nahema, na dole gumba likabaki limejikunja. Karani akaandika alichokiona. Yule 14 alikuwa na faulo 4. Hiyo ikawa ya 5, nikamwambia atoke. Alinitazama tu, akaenda mwisho wa benchi akajifunika taulo usoni. Wakati wa mitupo huru, mwenzake mwenye 15 akanisogelea akanong'ona, "Mwalimu, ile ilikuwa yangu."

Nilimsikia, nikajifanya sikumsikia. Zilikuwa zimebaki dakika 6. Mchezo ukaisha, timu yao ikafungwa, nikasaini karatasi ya matokeo.

Sasa sheria. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zinasema makosa ya kumbukumbu, kama alama, idadi ya faulo au idadi ya taimauti, yanaweza kurekebishwa wakati wowote kabla mwamuzi mkuu hajasaini karatasi. Kwa hiyo nilikuwa na dakika zote 6, na hata baada ya kipenga cha mwisho nilikuwa na muda mpaka nilipoigusa ile kalamu. Wewe pia ulikuwa nao. Faulo ingefutwa kwa 14 na kuandikwa kwa 15, na kama 14 alishatolewa kwa hesabu hiyo, angekuwa huru kurudi.

Ila usichanganye na makosa ya mitupo huru. Mkimpa mtu mitupo asiyostahili, mkamnyima anayestahili, au akatupa asiyehusika, dirisha ni jembamba: saa ikishatembea na mpira ukafa (yaani mchezo ukasimama) mara ya kwanza, lazima mligundue kosa kabla mpira haujawa hai tena. Ukipita hapo, basi. Ndiyo maana idadi ya faulo za timu katika robo uihakikishe na karani kabla hujaonyesha mitupo miwili.

Usidhani haya ni ya viwanja vyetu vya saruji tu. Tarehe 19 Desemba 2007, Atlanta Hawks wakicheza na Miami Heat, Shaquille O'Neal alitolewa zikiwa zimebaki sekunde 51.9 za muda wa nyongeza. Meza ilimhesabia faulo 6, kikomo cha NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kumbe alikuwa na 5. Moja ilikuwa ya mwenzake, Udonis Haslem. Hawks, wenyeji waliokuwa na jukumu la meza, walipigwa faini ya dola 50,000, na NBA ikaamuru zile sekunde 51.9 zichezwe upya. Zilichezwa tarehe 8 Machi 2008. Wakati huo O'Neal alikuwa ameshahamia Phoenix! Neno moja pale mezani, usiku uleule, lingetosha.

Ungefanyaje? Subiri mpira ufe, usikatize shambulizi la mtu. Mwite mwamuzi mwenzako, nendeni mezani pamoja, useme kwa sauti: "Faulo ile si ya 14, ni ya 15. Kosa ni langu." Mwangalie karani mpaka amalize kuandika. Kisha waeleze makocha wote wawili, maneno yaleyale, usimpe mmoja maelezo marefu kuliko mwingine. Haizidi nusu dakika. Kelele zitakuwepo, lakini kocha anayepiga kelele leo ndiye atakayekuamini siku kosa litakapomnufaisha yeye ukalirekebisha vilevile.

Na kabla ya kosa: ukipuliza filimbi na kuinua ngumi, simama hapohapo nukta mbili, usome namba ya jezi. Mezani usionyeshe namba huku unatembea. Tafuta mahali karani anakuona bila kuzibwa, miguu itulie, onyesha namba, kisha aina ya faulo, kisha kinachofuata. Kwa namba kama 24, geuza mgongo wa mkono uonyeshe 2, halafu kiganja uonyeshe 4. Tamka namba pia. Usiondoke mpaka karani aitikie.

Karatasi yako ya Jumamosi imeshasainiwa, haifunguki tena. Lakini yule 14 yupo, na bila shaka utakutana naye msimu huu. Mwendee kabla ya mechi, mbele ya kocha wake, umwambie faulo ile haikuwa yake. Yule wangu nilimwambia baada ya miaka mingi, akiwa ameshaacha kucheza.