Barafu na wakfu

Mwanangu, salaam alaykum,

Vois yako nimeiskiza mara mbili. Wauliza ile mashine ya barafu unayotaka kuwaletea wavuvi wa Kizingitini huku Lamu uisajili enjio (NGO) ama kampuni, na ati rafiki zako wa Nairobi wanasema ukifanya kampuni utaonekana unakula jasho la maskini. Hao washawahi kumuona mvuvi akimwaga samaki kwa kukosa barafu? Haya, tuwaache.

Kwanza hii ya kuwa enjio haiwezi kuuza kitu, itoe kichwani. Inauza, na ziada inabaki nayo, ila hamgawani, inarudi kwa kazi. Ni kama wakfu bana, nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, hata wewe uliyeitoa si yako tena. Siku ukichoka ukafunga, mashine haziji kwako, zinaenda kwa shirika lingine la kazi kama hiyo. Yaani ukiingia huko kutoka ni shida, lakini kampuni waweza kuwa nayo na baadaye ukaanzisha shirika kando. Hilo ndilo lanitia wasiwasi kuliko hiyo kodi ya kampuni mnayoiogopa, manake kwa kawaida ni 30% ya faida, na mwaka wa kwanza hiyo faida utaiona wapi? Na enjio nayo haisamehewi kwa jina tu, lazima uombe KRA, wale watoza kodi, wakubali. Sheria yenyewe ya mashirika ya manufaa ya umma, ndiyo ya hizo enjio, ilipitishwa 2013 ikalala mpaka Mei 2024 ndio ikaanza kazi.

Wewe ulikuwa mdogo, kikundi chetu kilipewa friza kubwa na wafadhili. Barafu tukapeana bure, watu wakafurahi, wageni wakaja wakapiga picha wakenda zao, kompresa ilipokufa hakuna aliyekuwa na shilingi ya fundi kwa sababu hatukuwahi kumtoza mtu hata kumi. Friza ikawa kabati la nyavu! Na wavuvi wale wale wakarudi kwa tajiri anayenunua samaki wao, barafu anawapa yeye halafu anawakata kwenye samaki, bei apanga yeye. Kwa hivyo kulipa wanalipa, wasikudanganye.

Mimi nasema kampuni. Uza kwa kilo, na wavuvi wenyewe wauzie hisa kidogo kidogo wawe na sauti, ila kampuni binafsi haipiti wanachama 50, wakizidi hapo ufikirie ushirika. Yale mafunzo ya kina mama wanaokausha samaki, hao hawana cha kukulipa saa hizi, hayo sajili kikundi cha jamii, akaunti yake mbali, uombe ufadhili huko. Usichanganye vitabu hata siku moja.

Sasa kuna nahodha ameniuliza hapa gatini kilo itakuwa ngapi, ataka kujua kabla upepo wa kaskazi haujaingia. Nimwambie ngapi?

Babako