Maswali ya Wasomaji: Meli za Abiria za NYK

SWALI: Bendera ya kampuni ya meli ya Kijapani, NYK, ina mistari miwili myekundu. Ina maana gani? Na zile meli zake kubwa za abiria za miaka ya 1930 ziliishia wapi?

JIBU: Mistari hiyo ni kampuni mbili zilizoungana. Mitsubishi na Kyodo Unyu, iliyoungwa mkono na serikali, zilipunguziana nauli hadi zote zikakaribia kufilisika. Serikali ikazilazimisha kuungana, na Septemba 1885 ikazaliwa Nippon Yusen Kaisha. Mwaka 1896 ilifungua safari za Ulaya, Seattle na Australia.

Njia ya San Francisco iliipata 1926, ilipochukua biashara ya abiria ya Toyo Kisen Kaisha. Ili kuihudumia iliunda Asama Maru (1929), Tatsuta Maru na Chichibu Maru (zote 1930). Hii ya mwisho baadaye iliitwa Kamakura Maru. Zote tatu zilizamishwa na nyambizi za Marekani: mbili mwaka 1943, Asama Maru Novemba 1944. Zilikuwa zimetwaliwa kusafirisha askari, kwa hiyo adui hakuwa na sababu ya kuziacha. Hata hivyo, Julai 1942 Asama Maru ilifika salama Lourenço Marques, Maputo ya leo, kubadilishana raia na Gripsholm, meli ya Uswidi iliyokodiwa na Marekani, kwa kuwa pande zote zilikuwa zimeahidi kutoishambulia.

Meli nyingine mbili za NYK, Kashiwara Maru na Izumo Maru, hazikubeba abiria hata mmoja. Serikali ililipa asilimia 60 ya gharama kwa sharti kwamba zikihitajika zigeuzwe meli za kubeba ndege za kivita. Ndiyo maana zilichorwa tangu mwanzo zikiwa na matangi makubwa ya mafuta, sitaha zenye kimo cha ziada na nafasi ya lifti za ndege. Zikaishia kuwa Junyo na Hiyo. Ruzuku ya namna hiyo, kwa kweli, ni ununuzi wa manowari kwa mlango wa nyuma.

Iliyosalia ni Hikawa Maru ya 1930, iliyogeuzwa hospitali. Ilikanyaga mabomu ya kutegwa baharini isizame, ikarudi njia ya Seattle 1953, ikastaafu 1960. Sasa ni makumbusho kwenye bustani ya Yamashita, Yokohama. Ukifika, usiishie kwenye saluni za daraja la kwanza; shuka hadi chumba cha injini ukazione dizeli zake mbili za Burmeister & Wain.

SWALI: NYK bado inabeba abiria?

JIBU: Ndiyo, ila kwa utalii tu. Asuka II inasafiri tangu 2006, na Asuka III, iliyoundwa Ujerumani, ilianza 2025.