Mume wangu kamwacha binti yetu chuoni kama mzigo, nimvumilie?

Barua yenyewe nimeifupisha, ilikuwa ndefu sana.

"Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa miaka 44, nina miaka 20 kwenye ndoa, tuna binti mmoja tu, Mungu hakutujalia mwingine. Mwezi uliopita tumempeleka chuo mwaka wa kwanza, safari ya masaa 9 kwa gari letu. Shangazi, huyo mwanaume njia nzima haongei. Mimi na mtoto tumekaa nyuma tunapiga stori, yeye mbele kimya, kila masaa mawili anasimamisha gari anashuka anazunguka anapigapiga matairi kwa mguu, tunachelewa tu. Mtoto mwenyewe katikati ya njia akavaa hedifoni akalala. Mama mkwe naye akapiga simu nikamsikia anasema 'mwacheni mtoto apumue', nikajua hawa wameshanipanga. Kufika hosteli mimi ndo nimefanya kila kitu, nimetandika kitanda, nimepanga nguo, nimemhoji rumeti wake nijue kwao ni wapi na tabia yake ikoje, nimemtafuta matroni nimechukua namba. Nikampiga mtoto picha mlangoni kwake nikaweka stetasi. Baba yake alichofanya ni kufunga kufuli kwenye kabati basi, na funguo zote mbili kampa mtoto, hata mimi hakunipa mmoja nikae nao. Akamkumbatia akaenda kukaa kwenye gari karibu saa zima eti anapumzika. Nimeomba tubaki hata wiki mtoto azoee, kakataa, tumelala gesti usiku mmoja tukarudi, nimelia njia nzima hajaniambia hata pole. Sasa mtoto simu zangu hapokei, anajibu meseji usiku neno moja. Nimewaomba chuo wanipe nywila ya akaunti yake ya matokeo wamenijibu vibaya. Baba yake anasema niache. Hii wiki ya tatu nalala chumba cha mtoto. Shangazi, mtu asiye na moyo kwa damu yake mwenyewe unaishi naye vipi?"

Marahaba mwanangu. Pole sana. Mtoto mmoja, miaka yote hiyo jioni ukisikia mlango unajua ni yeye, halafu leo nyumba kimya, hiyo inauma na siwezi kukudanganya kwamba haiumi. Mimi nimepeleka watatu na wa mwisho ndo aliniumiza kuliko wote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ila pole yangu inaishia hapo maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia anayenitia huruma ni mtu mwingine, ni huyo uliyemwita hana moyo.

Hebu tuanze na gari. Umesema wewe na mtoto mlikaa nyuma. Yaani mwanaume anaendesha masaa 9, kiti cha pembeni yake kitupu, mke yuko nyuma anapiga stori ambazo yeye hazimhusu, halafu unashangaa haongei? Angeongea na nani, na usukani? Mmemkalisha kama dereva wa kukodi halafu mnamdai tabasamu. Na hujasema popote kwamba ulimpokea usukani hata nusu saa, kwa hiyo naelewa kaenda peke yake masaa 9 na kesho yake karudi peke yake masaa 9. Ulaya dereva wa lori, mtu ambaye hiyo ndo kazi yake anayolipwa, sheria kwa kawaida inamkomesha kwenye masaa 9 kwa siku, na akishaendesha masaa 4 na nusu lazima awe amepumzika dakika 45. Mumeo kafanya kazi ya dereva wa lori siku mbili mfululizo na lori lake lilikuwa limebeba nyinyi.

Halafu huko kusimama kila masaa mawili unakokulalamikia, mwanangu, huko ndiko kulikowafikisha. Uingereza kwenye kitabu chao cha kanuni za barabarani wanamshauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya masaa mawili, na ni watu wenye barabara nzuri. Usingizi wa barabarani haupigi hodi, mtu anafumba macho sekunde chache tu na kwa mwendo wa kasi gari limeshaenda mbali likiwa halina mtu, na kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi kama watu wanavyodhani. Anashuka, ananyoosha mgongo, anaangalia tairi moja moja, anarudi. Wewe nyuma unaona anakuchelewesha, yeye kichwani ana jambo moja tu, mtoto wangu wa pekee yuko kwenye hiki chombo. Na unamwita hana moyo!

Kuhusu mtoto kuvaa hedifoni nitasema kidogo tu. Umeandika "akalala". Mwanangu, binti anayekwenda kuanza chuo, moyo unamdunda, hajui chumba kikoje, hajui atakaa na nani, hawezi kulala usingizi mzito saa nne asubuhi kwenye gari. Alikukimbia. Stori ulizosema mlikuwa mnapiga nadhani zilikuwa ni maagizo, usifanye hivi, usitoke na fulani, ukifika nipigie, ukilala nipigie, ukiamka nipigie. Masaa manne ya maagizo hata mimi ningeziba masikio. Bibi yake alipopiga simu kusema mwacheni apumue hakuna aliyekupangia kitu, yule mama kazaa, kalea, kasindikiza, anajua safari hizi zinavyokuwa. Mkwe wako kasema kweli na ungemsikiliza siku ileile ungejiokolea mengi.

Sasa kufuli. Hapa nataka tukae kidogo maana ndo sehemu ya barua yako iliyonigusa kuliko zote, na wewe umeipitia kwa haraka kama kitu cha kudharau.

Kufuli halikuota hosteli. Kuna mtu aliliwaza akiwa nyumbani, wakati wewe unahesabu mashuka na madela yeye alikuwa anafikiria mtoto atalala chumba kimoja na watu asiowajua, vitu vyake vitakaa wapi, simu, vyeti, hela kidogo alizonazo. Akaenda akalinunua. Akalibeba masaa 9 mfukoni au kwenye kile kiboksi cha mbele bila kumwambia mtu. Wanaume wa aina hiyo nawajua, kaka yangu yuko hivyohivyo, analifunga, analivuta kwa nguvu, analifungua, analifunga tena mpaka aridhike linashika, halafu anasema kwa sauti ya chini ufunguo mmoja tembea nao, mwingine ufiche mbali na huu. Hiyo ndiyo hotuba yake yote ya kumuaga mtoto. Funguo zote mbili kampa kwa makusudi kabisa. Kamwambia kuanzia leo kabati ni lako na kilichomo ndani ni chako, sisi wengine tutabisha hodi. Na wewe ulitaka mmoja. Hebu niambie kwa ukweli, ufunguo wa kabati lililo mbali na wewe masaa 9 ungeufanyia nini? Ulitaka tu usiwepo mlango wa mtoto usioweza kuufungua.

Ndo maana ukaenda kuomba na nywila. Chuo hawakukujibu vibaya, wamekujibu vile wanavyotakiwa kujibu. Marekani hili wameliwekea sheria tangu mwaka 1974, mtoto akifika miaka 18, au akianza chuo hata kabla ya kufika 18, haki juu ya kumbukumbu zake za masomo inatoka kwa mzazi inakwenda kwake, na kwa kawaida chuo hakimuonyeshi mzazi matokeo mpaka mwenyewe aridhie kwa maandishi. Hata anayelipa ada. Ukitaka kujua anaendeleaje muulize yeye, na ukitaka akuambie ukweli siku akikwambia somo fulani limemshinda usipige kelele, maana ukipiga kelele mara moja tu hiyo sapu, yaani mtihani wa kurudia, utakuja kuisikia kwa watu.

Na ile picha uliyoweka stetasi mlangoni kwake, nenda kaifute popote ulipoiweka kabla hujamaliza kusoma hapa. Namba ya chumba inasomeka? Jina la hosteli liko nyuma yake? Umewatangazia watu wote waliohifadhi namba yako kwamba binti wa miaka 18 au 19, mgeni wa mji, analala mlango huu. Wewe unayemhoji rumeti wa watu kwao ni wapi, ndo wewe uliyetoa anwani ya mwanao.

Niseme neno kwa ujumla maana barua za namna hii nazipata nyingi, tena nyingi zinakuja kipindi hiki vyuo vinapofunguliwa. Ndoa nyingi siku hizi zimegeuka kikao cha wazazi. Mke na mume wanaongea ada, wanaongea homework, wanaongea nani anamfuata mtoto leo, nani kampa simu, na wakimaliza ajenda kila mtu anageukia kioo cha simu yake. Mtoto ndo daraja, meseji ya baba kwenda kwa mama inapitia kwa mtoto, "mwambie mama yako natoka". Miaka inakwenda, wanadhani wana ndoa kumbe wana mradi. Siku mtoto anafungasha begi daraja linaondoka na wale wawili wanabaki kila mtu ng'ambo yake wanatazamana kama abiria waliokutana stendi. Wengine ndo hapo wanagundua hawajawahi kukaa chini kuongea wao wenyewe tangu yule mtoto azaliwe. Na kwa sababu kukiri hilo kunatisha, wanatafuta ugomvi, ugomvi ni rahisi kuliko ukimya. Zamani mtu alizaa wengi, wakiondoka wanaondoka mmoja mmoja, unazoea taratibu. Nyinyi wa mtoto mmoja mnaamka asubuhi nyumba ina sauti, jioni haina, kwa hiyo maandalizi ilibidi yaanze mapema, na hamkuyafanya, na hilo simlaumu yeye peke yake wala wewe peke yako.

Kwa sababu nikuulize, barua yako yote hii umeandika mume hajafanya hiki, mume hajasema kile, mtoto mwenyewe anaendeleaje? Anapenda kozi yake? Chumba kina joto? Kapata rafiki? Hakuna. Umenieleza kitanda ulichotandika wewe, rumeti uliyemhoji wewe, machozi uliyolia wewe. Kwa hiyo mi nimekuelewa, kinachokuuma zaidi ni kubaki na huyo bwana nyumba nzima watu wawili, na umeshaanza kujificha chumba cha mtoto usikutane naye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe wiki ya tatu hii umeshaanza kupanga matofali.

Saa zima kwenye gari. Ulikwenda kumchungulia? Barua haisemi. Mi sikuwepo siwezi kumwapia, ila mwanaume aliyebeba kufuli mfukoni masaa 9, akamkumbatia mwanawe wa pekee halafu akaenda kujifungia kwenye gari, sidhani kama alikuwa amelala. Kuna watu machozi yao hayatoki mbele ya matroni. Na kesho yake ulipokuwa unalia njia nzima yeye alikuwa ameshika usukani, ulitaka nani aone barabara?

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hamisha mto wako urudi chumbani kwako, chumba cha mtoto kifagie, kifunge, akija likizo akikute kama alivyokiacha. Mtoto mtumie meseji moja, siyo kumi, mwambie achague siku moja ya wiki na saa inayomfaa ya kuongea na nyinyi wote wawili, siku nyingine akipiga mwenyewe sawa, asipopiga mwache. Wiki za kwanza chuoni mtoto anatafuta vyumba vya madarasa, anahangaika na usajili na vitambulisho, anajifunza kulala na mtu mwingine pembeni, usiku kichwa kimejaa, neno lake moja lile ni salamu ya kutosha. Ukianza kusikia haendi darasani, analala mchana kutwa, hali, hataki kuongea na mtu yeyote hata baba yake, hapo simu ya mshauri wa wanafunzi ipigwe, tena haraka. Kuchelewa kujibu meseji tu siyo dalili ya ugonjwa. Na yule rumeti ukija kukutana naye tena msalimie kwa heshima, huenda wewe ndo ulimtisha siku ya kwanza na mwanao akabaki na kazi ya kuomba radhi.

Mwisho wa muhula mtakwenda kumchukua. Safari hiyo kaa mbele. Mpe mumeo maji, mwangalilie barabara, akisema tusimame shuka naye mzunguke gari pamoja. Ila usisubiri mpaka hapo, jioni hii akirudi kaa karibu yake uzime simu, umuulize siku ile kwenye gari ulikuwa unawaza nini. Usimuulize kwa kumshtaki. Halafu nyamaza, usimsaidie kujibu, yule ni mtu wa kuanza taratibu na miaka 20 unamjua.